Wavuvi wa ziwa bei ya samaki wetu atapanga mnunuzi mpaka lini? Tujadili namna ya kuuza kwa pamoja

Mwanaziwa

Wakuu salama. Nimeona niulete huu uzi huku mana kwenye grupu la watsapu la mwalo wetu, pale tunaposhushia samaki, tukigusa tu habari ya bei watu washatukanana na admini kafunga grupu. Niko visiwa vya Ukerewe, nina mitumbwi miwili ya sangara na mmoja wa dagaa, sio tajiri wa kutisha.

Kila siku tunaambiwa mvuvi kajiajiri, bosi wa nafsi yake. Bosi gani sasa ambaye bei ya mzigo wake mwenyewe anaisikia kwa simu asubuhi? Kiwanda cha minofu kinampigia wakala, wakala anakuja kutuambia leo imeshuka, sisi tunapakia. Ukiuliza imeshuka kwanini unajibiwa soko la Ulaya limeyumba. Sawa, na likitulia mbona simu haiji?

Tunapakia bila kubisha na sababu tunazijua wote. Injini ya wakala, nyavu za wakala, mara nyingine mpaka petroli ya wakala, na makubaliano ya mdomo ni kwamba samaki wako ni wake mpaka umalize deni, na kumaliza humalizi kwasababu nyavu zikichanika au zikiibwa unarudi kwake kukopa tena. Alafu barafu. Sangara umemtoa majini usiku, ikifika saa nne jua la kisiwani unalijua, na barafu iko kwenye boti la wakala peke yake, kwahiyo ukigoma asubuhi mpaka jioni unamfuata mtu wa kayabo, yule anayekausha sangara kwa chumvi, akupangie bei ya huruma. Mizani sisemi sana, wenye mizani wanasoma humu.

Na kuna hili la bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa samaki, ambalo linaniuma zaidi. Sote tunajua bondo la sangara likishakaushwa likaenda Hong Kong na China kilo yake haina uhusiano kabisa na kilo ya minofu. Ila sisi tunapimiwa samaki mzima, bondo liko tumboni, tunalipwa kwa bei ya nyama. Eti daraja la samaki mkubwa ndo tayari limehesabu bondo. Nani kahesabu? Nilikuwepo?

Sasa nataka tujadili, tukiungana tuungane vipi. Na tafadhali mtu asiniambie tuna BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo. BMU kazi yake kulinda rasilimali, kukamata nyavu haramu kama makokoro na timba, kuandika takwimu. Mimi naongelea chombo cha KUUZA.

dagaa_kauzu

Hahaha umoja wa wavuvi. Mkuu kuna mwalo mmoja huko upande wa Sengerema tuligoma kisa bei. Siku ya kwanza safi kabisa mpaka nyimbo tuliimba. Usiku wa pili boti zinapakilia kisiwa cha jirani taa zimezimwa, asubuhi kila mtu anamwangalia mwenzake. Mvuvi haaminiki akishakuwa na samaki mkononi, huyo samaki anaoza wewe unaongelea mshikamano.

Tajiri Mdogo

Mwanaziwa umeongea ila wakala umemchora kama shetani na hiyo sio haki. Mimi nimekuwa wakala na sasa nina mitumbwi, nimeziona pande zote. Hebu niambie ukienda benki na hesabu yako ya mitumbwi mitatu wanakupa nini? Wanataka hati ya nyumba, mtumbwi kwao sio dhamana mana unaweza kuupiga kasia ukaamkia Uganda. Na hilo sio utani, wapo watu wamepewa injini mpya wakahamia upande wa pili wa ziwa na deni likafa hapohapo. Ziwa lina nchi tatu, sisi 51%, Uganda 43, Kenya 6, sasa wewe wakala utamtafuta mtu kwenye maji yote hayo?

Wakala naye pesa sio yake jamani. Amepewa advansi na kiwanda, kiwanda kinataka tani zake, asipozipeleka anakatwa yeye. Kwahiyo mnapomlaumu mnamlaumu mtu ambaye na yeye kafungwa shingo, tofauti yake na nyie ni kwamba kamba yake ndefu kidogo. Injini zinaibwa, majambazi wa ziwani wanajulikana, hasara ile nani anabeba? Ukimtoa wakala leo bila kuweka kitu mahali pake kesho asubuhi nusu ya mwalo haina petroli.

Mwanaziwa

Tajiri Mdogo sijasema afukuzwe. Nasema yeye ndo benki, ndo barafu, ndo mizani, ndo soko, mtu mmoja. Mtu mwenye hivyo vinne huwezi kumuomba aongeze bei, anakuangalia tu.

Mbongo wa Kaskazini

Niko Norway miaka kadhaa sasa, mji wa Tromsø, na hii story yenu huku walikuwa nayo vilevile. Zamani kwenye vijiji vya wavuvi kule Lofoten kulikuwa na mtu mmoja tajiri anamiliki gati, vibanda vya kulala wavuvi, duka, na yeye ndo mnunuzi wa samaki. Unakopa unga dukani kwake, unalala kwenye kibanda chake, unamuuzia yeye, bei anasema yeye. Ukimbishia msimu ujao kibanda huna.

Walichofanya sio kugoma tu. Bei zilipoporomoka miaka ya 1930 wakapigania sheria, ikapitishwa 1938. Inasema samaki mbichi mauzo yake ya kwanza kabisa, pale anapotoka kwenye boti, lazima yapitie kwenye chama cha wavuvi chenyewe. Hicho chama kinaitwa Norges Råfisklag, makao makuu yako hapahapa Tromsø mpaka leo. Kinakaa na wanunuzi kujadili bei ya chini, wasipoelewana chama kina mamlaka ya kutangaza bei chenyewe. Mnunuzi lazima aidhinishwe na malipo yanapitia kwenye chama, kwahiyo ile ya ntakulipa wiki ijayo haipo. Sheria wameibadilisha mwaka 2013 ila huo moyo wake wameuacha.

Kitu kingine, kwa kawaida kule ili umiliki boti ya uvuvi inabidi wewe mwenyewe uwe mvuvi. Sio unakaa Mwanza mjini unapigiwa simu.

Sisemi kila kitu kizuri, viwanda vya huku vinalalamika kila mwaka kwamba bei ya chini inawaua. Ila wanalalamikia mezani, wakiwa wamekaa na wavuvi.

dagaa_kauzu

Norway serikali yao na yetu ni mbingu na ardhi mkuu. Hapa ukisema mzigo wote upitie chombo kimoja, mwaka wa kwanza ni wavuvi, mwaka wa pili mwenyekiti ni shemeji wa mheshimiwa, mwaka wa tatu hela zenu ziko kwenye V8. Angalieni korosho. Stakabadhi ghalani, ile ya mkulima kuweka mzigo ghalani uuzwe kwa mnada, imeanza 2007 Mtwara, wazo zuri kabisa, bei juu, alafu makato yakaanza, mkulima anaona bei ya mnada kwenye redio, anayopokea mkononi ni nyingine. 2018 ndo kabisa wanunuzi wakataka kuleta bei ya chini, serikali ikasema inanunua yenyewe 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kusomba. Waulizeni watu wa kusini walisubiri hela muda gani.

Na korosho ni kavu hiyo, inakaa ghalani. Sangara hakai.

Mzee wa Ushirika

Vijana nawasoma. Nyie mnaokaa Kanda ya Ziwa mnaenda kutafuta mfano Norway wakati babu zenu walifanya hapahapa.

Pamba ya Usukuma kabla ya uhuru wanunuzi walikuwa wachache, na kelele kubwa ya wakulima haikuwa bei, ilikuwa MIZANI. Mkulima analeta pamba yake, mwenye duka anapima, mkulima hajui kusoma ile namba. Vile vyama vya mwanzo vya miaka ya 50 mwanzoni, akina Paul Bomani, walianza kwa kuweka watu wao wa kupima kwenye vituo vya kununulia. Hawakuwa na ghala wala kiwanda wala mtaji, walikuwa na mpimaji wao tu, mkulima anapita kwake kwanza ndo anakwenda kwa mnunuzi akiwa na namba yake. Watu wakaona tofauti kwa macho, ndo wakaanza kutoa hela zao. Mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation, baadaye wakawa na vinu vyao vya kuchambulia pamba. Ulikuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kuliko yote Afrika.

Kilichofuata tunakijua. Ukubwa ukaleta wezi, siasa ikaingia, 1976 serikali ikavunja vyama vyote, sheria ya 1982 ikavirudisha lakini imani haikurudi navyo. Ndiyo maana ukimtajia mzee yeyote wa Magu neno ushirika anacheka kidogo kabla ya kukujibu.

Mimi naona muanzie mizani. Mizani yenu, karani wenu, daftari lenu. Bei iacheni kwanza.

Mtoto wa Kambi

Shkamoo mzee. Naomba niseme na mimi mana humu naona wanaongea matajiri na wasomi.

Mimi navuta nyavu. Bei ikipanda ikishuka sisi tunaambiwa tu. Samaki wakishauzwa tajiri anatoa kwanza mafuta, barafu, chakula, matengenezo, kinachobaki nusu ni yake, nusu tunagawana watu watatu wanne. Sasa matumizi nani anaandika? Yeye. Bei nani anajua? Yeye na wakala. Kilo? Anakuja kutuambia kwa mdomo. Mwanaziwa analalamika kiwanda kinampigia simu kumwambia bei, na yeye anatupigia sisi.

Dagaa_kauzu unashangaa nani alivunja mgomo usiku. Zile boti zilizozima taa nahodha ni nani? Ni sisi. Tajiri kalala nyumbani kagoma, ana duka, ana ng'ombe, sisi tukigoma siku mbili kambini hakuna unga. Mkiunda chama cha wenye mitumbwi peke yenu mjue sisi ndo tutakaowauza, nasema ukweli.

Mwanaziwa

Mtoto wa Kambi umenichoma ila umeongea. Karani akiwepo mwaloni kwanini risiti isiandikwe nakala mbili, moja ya tajiri moja ya wavutaji. Mimi sina shida na hilo.

Tajiri Mdogo

Utakuwa nayo ukifika mwisho wa mwezi.

Nyar Nam

Hujambo nyote, mimi niko Kenya side, Homa Bay County. Nimewafuata kimya lakini hii maneno ni yetu pia. Sisi sangara tunaita mbuta na dagaa ni omena, lakini wakala ni yule yule.

BMU zetu ziko na nguvu kidogo kwa karatasi, tangu zile regulesheni za 2007, na beach zingine walijaribu kuuza pamoja kupitia BMU. Shida ilikuja pale pale, chairman anakula levy. Na zile nyumba za barafu zinajengwa na project, sherehe, ribbon, stima inakatwa, nyumba inabaki ya popo. Barafu bila mtu wa kulipa stima ni jengo tu.

Lakini mumesahau wanawake kabisa, mumeongea wanaume na mizani zao. Huku samaki wakipungua mama muuzaji hapati samaki kwa pesa peke yake, mvuvi anataka na mwili wake. Tunaita jaboya, na kila mtu anajua vile ilileta ukimwi kwa hizi beach. Hapo beach ya Nduru, Nyakach, kuna akina mama walisema basi, miaka ya 2010 na kitu wakasaidiwa kupata boti zao wenyewe, wakaandika wanaume kuvua, samaki wakija ni wao. Mtu mwenye boti haombwi kitu. Ile ilikuwa market power, hata hakuna mtu aliita hivyo. Halafu 2020 maji ya ziwa ikapanda ikameza Nduru yote, na boti zenyewe zilikuwa zimeshazeeka.

Kwa hivyo mkifanya chama chenu muulize pia samaki wakishatoka kwa boti wanaenda kwa nani na kwa masharti gani.

Mama Ndoo

Asante dada wa Kenya. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, natoa visiwani. Nawaunga mkono wavuvi lakini nina hofu. Mkishika mnada wenu mkaanza kuuza kwa tani mnampa yule wa lori anayepeleka Kongo, mzigo wote mara moja. Sisi wa ndoo kumi mtatutambua? Wanaume wakikutana kwenye chama mtu wa kwanza kusahaulika ni mwanamke mwenye mtaji mdogo. Na vipimo vya kupunja mnavyolalamikia nyie, sisi vinatuumiza mara mbili, mvuvi anatupimia kwa ndoo iliyobonyea na mnunuzi wa gunia anataka lumbesa, lijazwe mpaka lishonewe kofia.

Mzee wa Ushirika

Binti yangu hoja yako nzito. Nitawapa mfano mmoja wa Kerala huko India. Wavuvi wa ngalawa ndogo walianza na kijiji kimoja, Marianad, vikaja vijiji vingine, 1980 hivi wakaunda shirikisho linaitwa SIFFS. Walikuwa na wakala kama wenu, anakopesha na papo hapo ndiye anayepiga mnada ufukweni na kujikatia chake. Chama kikachukua ule mnada. Mnunuzi yeyote anakuja, mkubwa mdogo, anapiga bei hadharani, chama ndicho kinamlipa mvuvi na kinakwenda kumdai mnunuzi. Na kwenye kila mauzo wanakata kidogo, sehemu inalipa mkopo wa mvuvi, sehemu inaingia akiba yake mwenyewe. Mvuvi siku akipata kingi analipa kingi, siku akikosa halipi. Hilo benki haiwezi kufanya kwa sababu benki haiko ufukweni asubuhi.

Hapo deni linahama kutoka kwa wakala kuja kwa chama, bila kelele. Na mnada ukiwa wa wazi na mafungu madogo yakiwepo, mama wa ndoo kumi anasimama palepale na mwenye lori.

Mwanasheria wa Kijiweni

Kidogo tu la kisheria. Watu wanaojiajiri wakikaa kwenye grupu wakakubaliana "hakuna kuuza chini ya kiasi fulani", kwenye nchi nyingi sheria ya ushindani inawaona kama matajiri waliokula njama ya bei, haiangalii kwamba mko peku. Ndo mana Marekani walitunga sheria maalum ya wavuvi mwaka 1934 kuwaruhusu kuuza kwa pamoja, na Ulaya wana vyama vya wazalishaji wa samaki vinavyotambuliwa tangu 1970. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Ushauri wangu wa bure: msipange bei watsapu. Sajilini chama, mzigo uwe wa chama, chama kiuze. Kuuza pamoja ni jambo moja na kutangaziana bei kwa mdomo ni jambo lingine.

Pweza wa Songosongo

Na sisi wa pwani mtusikie. Huku tunafunga mwamba usivuliwe miezi kadhaa pweza wakue, siku ya kufungua watu wote wanashuka na mikuki, wake kwa waume, pweza wakubwa haswa. Na mnunuzi analijua hilo, siku hiyo mzigo mwingi, yeye ana makasha ya barafu peke yake, bei inashuka siku ileile tuliyoisubiri. Kuhifadhi tumehifadhi sisi, faida ya kuhifadhi kaondoka nayo yeye. Sehemu zilizopata afueni ni zile walizoita wanunuzi zaidi ya mmoja KABLA ya kufungua. Mkianza kutafuta mnunuzi samaki akiwa ameshatoka majini mmechelewa.

Mwanaziwa

Nimesoma zote, wengine mmenitumia mpaka inbox. Naandika ninavyoona mimi na mnipinge.

Sangara tusianze naye. Najua ndo mwenye hela na ndo nilianza kumlilia, ila sangara ana saa chache na wanunuzi wake ni wachache na deni letu karibu lote limekaa kwake. Kumuanza yeye ni kuanza na ugomvi ambao tutashindwa wiki ya kwanza, mtasema si tulisema. Tuanze na dagaa. Dagaa ukimuanika kwenye chanja akakauka vizuri anakaa, unaweza kumwambia mnunuzi nenda ukajifikirie. Wanunuzi wake ni wengi, Kirumba pale kuna wa Kongo, Rwanda, Burundi, Kenya, na wa chakula cha kuku. Adui wa dagaa ni mvua na mchanga, ukimuanika chini masika anaishia kuwa wa kuku, kwahiyo hela ya kwanza ya pamoja iende kwenye chanja na turubai na stoo ya mabati, sio ofisi wala kofia na fulana za uzinduzi.

Vikao vifanyike mbalamwezi ambapo hatuingii ziwani, wavutaji wawepo na wawe na viti vyao kwenye kamati, sio kukaribishwa. Mizani ya chama na karani kijana wa palepale, risiti mbili kama nilivyosema. Kipimo ni kilo, ndoo na lumbesa zife, Mama Ndoo nadhani hapo tunaelewana. Anayenunua kidogo na anayenunua kingi wote wanasimama mnadani. Kila mauzo kinakatwa kidogo, nusu deni nusu akiba ya mtu kwa jina lake, na salio linasomwa hadharani kila kikao.

Bondo nalo tuliandike tangu mwanzo hata kama hatuwezi sasa. Wenye kayabo wanachana samaki wao wenyewe, bondo wanabaki nalo wanaliuza peke yake. Kwahiyo inawezekana. Siku tukiwa na barafu yetu tutaongea na kiwanda, samaki bei yake na bondo bei yake.

Tajiri Mdogo

Dagaa sawa nakuunga. Ila mkopo wa mtu kwa wakala atakuwa bado anao, na wakala mwingine anakopesha na upande wa dagaa, taa za sola na betri. Chama kikianza kinalipaje lile deni la zamani? Hamjasema.

Mwanaziwa

Hatulilipi. Mwenye deni anaendelea kumuuzia wakala kiasi walichokubaliana, ila anapita kwenye mizani yetu kwanza apate risiti. Wasio na deni ndo wanaanza kuuza mnadani. Kwetu naona robo ya mitumbwi ya dagaa haina deni, tunaanza na hao.

dagaa_kauzu

Robo. Haya. Na ile mikopo ya boti na vizimba vya kufugia samaki iliyozinduliwa Mwanza mwanzoni mwa 2024 si ilitaka vikundi? Kikundi chenye daftari la mauzo la miezi sita na risiti kina kitu cha kuonyesha. Nasema tu, sijajiunga bado.

Mama Ndoo

Karani awe wa kike.

Mtoto wa Kambi

Mimi swali langu ni moja. Daftari litakaa kwa nani?

Tajiri Mdogo

Kwa mweka hazina, kwani litakaa wapi?

Mtoto wa Kambi

Mweka hazina atakuwa mwenye mtumbwi. Likae kambini.

Tajiri Mdogo

Kambini litalowa.

Mtoto wa Kambi

Nailoni zipo. Na karani apige picha kila ukurasa atume kwenye grupu, admini asifunge.